Ree ninayo, ila leo sitoi!

Msomaji wangu, kama na wewe ni mtu wa kijiweni kama mimi, karata unazijua. Na kama unazijua, basi unaujua na ugonjwa wetu. Mtu akishika ree mkono unamwasha. Hawezi kutulia. Anaipiga mezani kwa kishindo mpaka kikombe cha kahawa kinaruka, halafu anawatazama wenzake kama vile kashinda ubunge.

Mimi nilikuwa bingwa wa ugonjwa huo. Nilikuja kutibiwa Alhamisi moja usiku, kwenye veranda ya ghorofa moja pale Upanga, na aliyenitibu ni bibi mmoja, nesi mstaafu. Hakunipa hata panadol. Alinifungulia karata tu.

Tena usiku huo mfukoni nilikuwa na barua ya kuacha kazi. Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati utasema jamaa kalewa.

MTOTO WA WAHEDI WA SITINI

Mimi nimekulia Magomeni. Jioni kwetu ilikuwa kahawa, kashata na wahedi wa sitini. Kwa wale watoto wa siku hizi waliokulia kwenye simu, nieleze kidogo. Wahedi wa sitini ni sitini na moja, kwa Kiarabu. Ree ina pointi 11, seti, yaani ile saba, ina 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3 na wa pili 2. Jumlisha aina zote nne unapata 120. Ukifika 61 umewazidi wenzako, mchezo umekwisha, waliofungwa wanaamka wanapisha wengine.

Halafu sikiliza majina: kopa, uru, shupaza, pao, na ile aina inayokata nyingine zote, turufu. Hayo majina waliyaacha Wareno. Waliondoka pwani yetu miaka mingi iliyopita na mizinga yao, lakini karata zikabaki barazani. Hata neno lenyewe, karata, ni lao.

Sasa katika mchezo ule ree ni mali. Ina pointi 11, na pointi lazima ziingie nyumbani kabla mwenye turufu hajakukata. Kwa hiyo sisi tulilelewa hivyo: ukiona nafasi, kula! Ukichelewa utaliwa wewe. Na nilivyocheza karata ndivyo nilivyoishi. Mtu akinitukana kwenye daladala, jibu lilikuwa limeshatoka kabla hajafunga mdomo.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Siku moja nikatumwa kupeleka karatasi kwa mzee mmoja Upanga, mstaafu wa bandari. Nikapanda ngazi, nikakuta watu wazima wanane kwenye veranda, meza mbili, wanne wanne. Wote kimya kama wapo kwenye mtihani wa taifa. Mikononi karata!

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, kijana," akajibu mwenye nyumba bila kugeuka. "Kaa hapo. Usiongee."

Nikakaa. Nikatazama saa nzima, karatasi za watu nimezikalia. Sikuelewa kitu, ila niliona jambo moja lililonishangaza. Mtu alikuwa na ree mkononi, nafasi ya kula ipo, na hakula. Akatoa kikaratasi cha tatu! Nikasema moyoni, huyu mzee macho yamekwisha.

Ule mchezo unaitwa Bridge. Nikawa naenda kila Alhamisi kutazama, mpaka mmoja wao alipokwenda Uingereza kwa binti yake, nikaambiwa, "Kijana, vuta kiti." Nikawa mwenza wa Mzee mwenye nyumba. Wengine walikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, kaka mmoja wa benki, yule bibi tunayemwita Bi Nesi, na wengineo.

MCHEZO WENYEWE

Usiogope, nitakueleza kwa ufupi. Watu wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako anakaa mbele yako. Kila mtu anapewa karata 13. Hakuna seti kuwa na 10 wala nini. Ree ndiyo kubwa, inafuata kingi, kwini, jeki, kumi, mpaka mbili. Kila mtu anatoa karata moja, mwenye kubwa anakula huo mzunguko. Mizunguko iko 13, na kila mmoja una thamani moja tu. Ukila kwa ree ni moja, ukila kwa mbili ni moja vile vile.

Kabla ya kucheza kuna mnada. Mnatangaza mtakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa ipi, au mtacheza bila turufu. Katika upande utakaopanda juu zaidi, aliyetangulia kuitaja aina hiyo ndiye mwenye kazi, na lazima atimize kilichotangazwa. Hapo ndipo inakuja raha yake: mwenza wa mwenye kazi anazilaza karata zake zote mezani, wazi, kila mtu anaziona, na yeye ananyamaza mpaka mwisho. Sisi tunamwita bubu. Mwenye kazi anacheza mikono miwili, wake na wa bubu.

Huu mchezo kwa sura yake ya sasa ulitengenezwa na tajiri wa Kimarekani, Harold Vanderbilt, mwaka 1925, akiwa safarini kwa meli inayopita Mfereji wa Panama. Alichukua mchezo uliokuwepo akaupangia hesabu mpya, na hesabu hizo zikaenea dunia nzima.

Wala usidhani ni mchezo wa wazee waliokosa kazi. Omar Sharif, yule nyota wa filamu wa Misri, aliichezea nchi yake mashindano ya dunia ya mwaka 1964. Deng Xiaoping wa China aliupenda kupita kiasi. Mwaka 2018, kwenye Michezo ya Asia kule Jakarta, Bridge ilikuwemo, na dhahabu ya wanaume wawili wawili ilichukuliwa na Wahindi Pranab Bardhan, aliyekuwa na miaka 60, na Shibnath Sarkar, miaka 56. Wewe una miaka 25 unasema umechoka!

Na huwezi kukariri. Karata 13 unazoweza kupewa zina namna 635,013,559,600. Ukicheza kila siku ya Mungu mpaka unazikwa, hujazimaliza hata robo ya robo.

BARUA MFUKONI

Sasa turudi kwenye wiki ile. Jumatatu mteja mmoja alikuja juu: katoni 12 za vipuri vya magari hazionekani. Karani wa ofisi, jamaa mmoja wa maneno matamu, akaniangalia mimi. Mtu wa ghala naye akaniangalia mimi. Wakasema mzigo nilikwenda nao mimi kwa mteja, haukufika, na haukurudi ghalani.

Uongo mtupu! Siku ile kwa mteja kulikuwa kumefungwa, nikaurudisha. Jumanne nikapekua droo yangu, nikaipata nakala ya bluu ya hati ya mzigo. Sahihi ya mtu wa ghala hii hapa, tarehe hii hapa, "umerudi katoni 12." Damu ikanichemka. Jumatano usiku nikaandika barua ya kuacha kazi, kurasa mbili, maneno mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto. Mpango wangu ulikuwa hivi: Ijumaa asubuhi naingia, naibamiza ile nakala mezani mwa karani, naibamiza na barua juu yake, natoka. Kwishaaa!

Alhamisi usiku nikaenda Upanga, mwili uko kwenye kiti, akili iko ofisini.

MKONO WENYEWE

Nikagawiwa karata. Nikafungua: ree ya shupaza, ree ya kopa, ree ya pao. Ree tatu! Na kwini ya uru, na jeki ya shupaza. Kwenye Bridge, ili ujue nguvu yako kwenye mnada, ree unaipa 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1. Zote mezani ni 40. Mimi nilikuwa na 15. Nikatangaza moja bila turufu. Mzee akapandisha mpaka tatu bila turufu. Maana yake lazima nile mizunguko tisa kati ya 13. Naruhusiwa kupoteza minne, wa tano nimeanguka.

Kushoto kwangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Akaanza na sita ya kopa. Mzee akalaza karata zake: kingi ya shupaza na ndogo mbili, kingi ya pao na ndogo mbili, kopa mbili za hovyo, nane na nne. Lakini uru zilikuwa tano: ree, jeki, kumi, tisa, nne.

Hesabu haraka. Ree zangu tatu, ree ya uru kwa bubu, kingi zake mbili. Sita za uhakika. Natafuta tatu, na hizo ziko kwenye uru. Mimi nina uru tatu, kwini, nane na tatu, bubu anazo tano. Karata kubwa inayokosekana ni moja tu, kingi. Nikicheza kwini kuelekea ree, kingi ikiwa kushoto nimeibana, hainidhuru. Ikiwa kulia, italiwa moja tu, halafu uru zote zilizobaki ni zangu. Rahisi!

Nikatoa nne ya kopa kwa bubu. Kulia kwangu kaka wa benki akaweka kwini ya kopa. Mimi nina ree, saba na tatu.

Unadhani nilifanya nini? Pa! Ree mezani. Kikombe kikaruka.

Nikacheza kwini ya uru. Mwalimu akaweka mbili, bubu nikampa nne, na kaka wa benki akatoa kingi. Akala. Kisha, bila haraka, akarudisha kumi ya kopa. Mwalimu akaifunika kwa jeki. Akaja na kingi ya kopa. Akaja na tisa. Akaja na mbili. Ile mbili ndiyo iliyoniuma. Mbili ya kopa inakula mbele ya macho yangu, na mimi na ree zangu mbili mkononi nimekaa kama abiria aliyeachwa na gari.

Hesabu: uru moja, kopa nne. Tano zimekwenda. Nimepata nane.

Mzee hakunigombeza. Alisema "Asante, mwenzangu," kama ustaarabu wa mchezo unavyotaka. Bora angenizaba kofi.

BI NESI ANATIBU

Pale Upanga wanacheza kwa utaratibu wa kuondoa bahati. Karata za kila mkono haziChanganywi zikishachezwa; zinarudishwa kwenye kibao kama zilivyogawiwa, kibao kinapelekwa meza ya pili, na wale nao wanacheza mkono huo huo. Kwa hiyo huwezi kusema "nilipewa karata mbaya." Mwenzako kapewa zile zile!

Kiti changu kwenye meza ya pili alikuwa amekalia Bi Nesi. Akaanziwa kwa kopa ile ile sita, kila kitu kile kile. Akapata tisa.

Tulipomaliza akanivuta pembeni, akazipanga upya karata zote 52 wazi juu ya meza.

"Mwanangu, hii ree yako ya kopa ilikuwa inakimbia?"

"Hapana, Bi Nesi."

"Kuna mtu angeweza kuikata? Mnacheza na turufu?"

"Hatuna turufu."

"Sasa ulikuwa unaiokoa na nini?"

Nikanyamaza. Akaendelea kwa ile sauti ya manesi wa zamani, ya kukuambia unachomwa sindano huku ameshakuchoma.

"Mtazame wa kushoto. Ana kopa tano: kingi, jeki, tisa, sita, mbili. Huyo ndiye mwenye bunduki. Lakini nje ya kopa hana karata ya kumpa nafasi upesi. Mtazame wa kulia. Ana kopa tatu: kwini, kumi, tano. Na ana kingi ya uru. Yeye ndiye atakayepata nafasi, lakini bunduki hana. Hawa wawili wanahitaji kuwasiliana. Kopa ndiyo simu yao. Wa kulia akipata nafasi anapiga, wa kushoto anapokea. Kazi yako ni kukata hiyo simu."

"Nikate vipi?"

"Huikati kwa kupiga kelele. Unaacha salio liishe."

Akanionyesha. Kwini ya kopa ikija, anatoa tatu. Waache wale. Kaka wa benki anarudisha kumi, anatoa saba. Waache wale tena. Anarudisha tano, sasa ndiyo anatoa ree, na kwa bubu anatupa pao ndogo. Tazama mkono wa kulia: kopa zimekwisha. Sasa anacheza kwini ya uru. Kaka wa benki anakula kwa kingi, sawa, lakini arudishe nini? Kopa hana. Kule kushoto kingi na jeki za kopa zimekaa zinameremeta, hakuna wa kuzipigia. Akirudisha shupaza au pao, Bi Nesi ana ree na kingi za zote mbili. Uru nne, kopa moja, shupaza mbili, pao mbili. Tisa.

"Na kama kingi ya uru ingekuwa kushoto?" nikauliza, nikijifanya nimemshika.

"Si ingekuwa imebanwa na ree ya bubu? Isingekula kabisa. Kwa hiyo popote ilipo, mimi nina amani."

"Ningeacha mara moja tu je?"

"Angebaki na ile tano ya kopa. Simu bado ina salio. Unaanguka vile vile."

Akanifundisha na kipimo cha wazee, kanuni ya saba. Chukua saba, toa idadi ya kopa zako na za bubu. Mimi nilikuwa na tatu, bubu mbili, jumla tano. Saba toa tano ni mbili. Acha mara mbili, ya tatu kula. Haikosei sana.

"Lakini nisikilize," akasema, na hapo akanikazia macho. "Kuacha si bure. Umeona kopa mbili zimeliwa? Hiyo ni bei. Nilikuwa na ruhusa ya kupoteza nne, nikalipa mbili kwa kopa na moja kwa uru, ikabaki moja ya akiba. Kama una tobo kubwa zaidi kwenye pao, ukiacha kopa watahamia huko wakumalize. Siku hiyo kula mapema ukimbie. Mtu anayeacha kila siku naye ni mgonjwa kama anayekula kila siku. Kabla hujaacha jiulize matatu: nasubiri nini kitokee? Nitalipa ngapi? Ninazo?"

IJUMAA ASUBUHI

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaitoa nakala ya bluu, nikaitazama. Hii ni ree yangu. Inakimbia? Haikimbii. Sasa naiokoa na nini?

Nikajiuliza matatu ya Bi Nesi. Nasubiri nini? Wale wawili wako pamoja kila siku. Nikiitoa leo, mmoja atasema "aa, kweli ulirudi, lakini akautoa tena jioni," na mwenzake ataitikia palepale. Nasubiri waulizwe mbele ya mwenye kampuni, na maneno yao yawe yameshaandikwa. Nitalipa ngapi? Aibu, na pengine mshahara. Ninazo? Nilikuwa na akiba ya kodi ya mwezi mmoja. Nikapiga picha nakala ile kwa simu, nikaifungia nyumbani, barua nikaiweka chini ya godoro.

Nililipa kweli. Nikaondolewa bandarini nikawekwa kwenye mashine ya fotokopi. Hiyo moja. Mwisho wa mwezi nikapewa nusu mshahara. Hiyo mbili. Masela wa ofisini wakanipachika jina, wakaniita Vipuri. Usiku nilikuwa natoa ile picha kwenye simu natazama, kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

Mwenye kampuni, mama mmoja mkali, akaitisha kikao ghafla. Mtu wa ghala alikuwa Tunduma kufuatilia lori. Simu zote mezani, zimezimwa, amri ya mama. Karani akaulizwa. Akarudia kwa kujiamini yale yale waliyoyaandika wote wawili na kutia sahihi: mzigo haukurudi ghalani, hata siku moja, hata dakika moja.

Ndipo nikatoa ya bluu. Sikuibamiza. Niliisogeza tu.

Karani akaitazama ile sahihi, akaitazama simu yake mezani. We acha tu. Salio limekwisha!

Usije ukadhani nilibebwa juu juu. Nusu mshahara nikarudishiwa, bandarini nikarudi, wale wawili wakaondoka. Pole sikupewa, hata soda. Mwaka uliofuata nikaacha kazi kwa barua ya mistari miwili, ya adabu, nimeshapata kwingine. Ile ya kurasa mbili niliichana.

LAKINI SIKUPONA VIZURI

Ningeishia hapo ungenipigia makofi, na ungekuwa umedanganywa. Maana baada ya ushindi ule nilianza kujiona profesa wa kusubiri.

Nilikuwa na mwenzangu, binti wa Kinondoni, fundi cherehani, mtu wa akili na kicheko. Tulikuwa pamoja miaka miwili. Akaniuliza jioni moja, "Nyumbani wananiuliza habari zako. Niwaambie nini?" Nikamwambia subiri kidogo, mambo yakae sawa. Mwezi uliofuata akauliza tena. Nikasema subiri. Nikajiona mjanja: ninaacha, naishika ree yangu.

Mara ya tatu hakuuliza. Ulikuja ujumbe wa simu, maneno matatu: "Nimeposwa. Nimekubali. Kwaheri."

Alhamisi nikampelekea Bi Nesi mashitaka. Nikamwambia, mbona nimefanya ulivyonifundisha?

"Ulikuwa unasubiri nini kitokee?" akauliza.

Nikatafuta jibu. Msomaji, nilitafuta mpaka chai ikapoa. Sikuwa na jibu. Kazi ninayo, chumba ninacho, moyo unamtaka. Nilikuwa nasubiri tu.

"Hiyo si kuacha, mwanangu. Hiyo ni kuogopa," akasema. Halafu akaongeza la kunimaliza: "Na tena, karata unawaachia wapinzani, wa kushoto na wa kulia, ili uwakatie simu. Yule hakuwa wa kushoto wala wa kulia. Alikuwa amekaa mbele yako. Ni mwenza wako. Nani anamkatia simu mwenza wake?"

Basi ndugu yangu, hayo ndiyo yangu ya wiki hii. Ukiwa na ree na aliyekukosea yuko kushoto kwako, usiwashwe mkono. Hesabu kwanza, pengine ya tatu ndiyo yako. Lakini kama hujui unasubiri nini, toa hiyo karata leo leo, hasa kama anayeingoja ni yule aliyekaa mbele yako.

Mimi bado naenda Upanga kila Alhamisi. Kikombe hakiruki tena. Ila ikitoka kwini ya kopa upande wa kulia, lazima nimkumbuke mtu wa Kinondoni, na Mzee inabidi anigonge mguu chini ya meza: "Kijana, zamu yako."